Aliyeitwa Mara Kumi na Tatu

Diski ya SSD hailii. Yasmini alilijua hilo kama anavyojua kufunga kanga. Ndani yake hamna sahani inayozunguka wala sindano inayosoma. Ni vipande vyeusi tu vimebandikwa juu ya ubao mwembamba, kimya tangu kiwandani. Kwa hiyo Jumatatu ile, saa nane mchana, jua la Kibiti likiwa limewafukuza watu wote barabarani, akiwa dukani kwake anakotengeneza kompyuta, aliposikia ile ya mteja wake Haidari inapiga tu-tu, tu, tu-tu, tu, alisema ni feni. Akaizuia feni kwa kidole. Feni ikasimama. Mlio ukaendelea.

Na upande wa pili wa ukuta, chumbani, dada yake Semeni akaitika, "Abee!"

"Sijakuita, dada."

"Umeniita, nimesikia."

"Wallahi sijakuita. Lala."

Semeni akacheka, kitanda kikalia. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe, Mfaume, alibaki Chumbi na mpunga wake, naye Semeni akaja Kibiti kwa mdogo wake ili awe karibu na hospitali, kwa sababu mimba mbili za mwanzo zilitoka na hii ya tatu hakuna aliyethubutu hata kuitajia jina. Yasmini alikuwa ameifanya siri yake kubwa: kila usiku kabla ya kulala alihesabu siku zilizobaki. Zilikuwa ishirini na tisa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Haidari, mpiga video za harusi kutoka Ikwiriri, alileta kompyuta yenye SSD ya zamani, ile ya bapa inayoungwa kwa waya, pamoja na nyingine mbili mpya, ndogo nyembamba kama vijiti vya chingamu, zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Moja ilikuwa ya kampuni inayojulikana. Ya pili ilikuwa na jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, aliinunua Kariakoo kwa nusu ya bei.

"Nataka zote zikae humu humu," Haidari alisema, amejishika kiuno kama mwenye mji. "Ila ipi niweke Windows, ipi niweke video? Wewe ndiye msomi, nilinganishie."

"Hiyo ya jina la ajabu wamekupiga."

"Hujaijaribu, umeshaihukumu! Ndivyo mnavyofundishwa chuo?"

Hapo alimpata. Yasmini alikuwa bingwa wa midahalo chuoni, na kitu asichoweza kukivumilia ni kuambiwa amehukumu bila ushahidi. Akaamua kuzipima kwa haki. Diski za bei ya kutupa zina tabia zake: zinaanza kwa mbio, faili dogo linaingia kufumba na kufumbua, unasifia, ukizipa mzigo mkubwa zinachoka katikati, kasi inashuka mpaka unaona aibu. Kuzijua, zilishe faili kubwa, tena zaidi ya mara moja. Akapekua diski ya zamani ya Haidari akakuta faili moja la video la gigabaiti tisini. Halikuwa na jina, tarakimu tu za tarehe. Hakulifungua. Faili za wateja yeye hafungui. Mkorofi gani anafungua mambo ya watu?

Akalinakili kwenda diski ya kwanza mara tatu, kwenda ya pili mara tatu, kila mara akifuta na kuandika dakika kwenye daftari. Mara sita.

Mara ya tatu chumba kilinuka. Si harufu ya waya kuungua, hiyo angeikimbilia. Ilikuwa harufu ya matope ya mikoko maji yanapokupwa kule Delta, mto unapoingia baharini, ule uozo wa chumvi unaoganda kooni, na ndani yake marashi ya waridi, kana kwamba kuna mtu ametoka kwenye tope akajipaka kabla ya kuingia nyumba ya watu. Yasmini akachungulia mtaro wa nje. Ulikuwa mkavu.

Mara ya sita Semeni alikuja mwenyewe mlangoni, ameshika tumbo, anatabasamu kwa uchovu.

"Hebu weka mkono hapa. Mwanao leo anacheza ngoma."

Yasmini akaweka mkono. Chini ya kanga, tumbo lilipiga tu-tu, tu, tu-tu, tu.

"Atakuwa mpiga chapuo huyu," alisema, akacheka. Alikumbuka kicheko hicho baadaye, na hakupenda alivyokikumbuka.

Jumanne akaziweka diski mbili mpya pamoja, kila moja kwenye soketi yake, ili zipelekeane lile faili zenyewe kwa zenyewe: mara tatu kutoka hii kwenda ile, mara tatu kurudi. Ile ya bei ya kutupa ilifanya kama alivyotabiri, ikifika katikati kasi inaanguka. Angeshangilia. Lakini alishaacha kuangalia kasi, alikuwa akisikiliza ukuta. Kila alipobonyeza, kabla ile mistari ya kijani haijaanza kutembea, Semeni aliitika chumbani, "Abee," na kila mara sauti yake ilikuwa ya chini kuliko iliyotangulia, mpaka mara ya kumi na moja ikawa kama ya mtu anayeitika ili asipigwe.

Kabla ya kubonyeza mara ya kumi na mbili, Yasmini alikwenda kumwangalia. Semeni alikuwa amelala chali, usingizi mzito, mdomo umefungwa, jasho limemlowesha shingo. Yasmini akarudi polepole, akaacha mlango wazi ili amwone kutoka pale alipokaa, akaweka kidole kwenye kitufe, akajiambia kwamba mtu aliyesoma hawezi kuogopa kunakili faili, na akabonyeza huku macho yake yakiwa kwenye midomo ya dada yake.

Midomo haikusogea.

"Naam," kitu kiliitika.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya kiume, yenye adabu. Ilitoka chini ya kanga.

*

Jumatano asubuhi walikuwa hospitali. Yasmini hakumwambia muuguzi habari za sauti. Alisema dada hajala tangu jana na mtoto anacheza sana. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye mikono ya upole, akainamisha sikio kwenye kile kidude cha kusikilizia mapigo. Akasikiliza. Akahamisha upande wa pili. Akasikiliza tena, muda mrefu.

"Mlishaambiwa ni mapacha?"

"Hapana," Semeni akasema. "Picha ilionyesha mmoja."

Wakarudia kupiga picha ya tumbo. Mtoto mmoja, mzima, kichwa chini. Muuguzi akacheka kidogo, akasema masikio yanazeeka, akawaruhusu, ila wakati wa kutoka alimshika Yasmini mkono mlangoni akanong'ona, "Mapigo mengine yalikuwa yanapanda juu. Kila nikihamisha yanapanda. Mkeshe naye."

Yasmini alirudi dukani akakaa mbele ya kompyuta ya Haidari. Alikuwa amejenga hoja njiani: sauti imetoka nilipobonyeza, imetoka kila nilipobonyeza, basi jibu limo kwenye kile ninachokibonyeza. Akavunja mwiko wake wa kazi. Akalifungua lile faili.

Ulikuwa ua wa nyumba, Chumbi, alasiri. Wanawake wamekaa duara, chetezo kinafuka, chano kimejaa halua na mayai na chupa ya marashi. Ngoma zinapiga tu-tu, tu, tu-tu, tu. Katikati, kwenye mkeka, yuko mwanamke amefunikwa shuka jeupe, anatetemeka. Kisha shuka likadondoka, kanga ikafuata, na kamera, badala ya kugeuka pembeni kama angefanya mtu aliyezaliwa na mama, ikasogea karibu. Semeni. Mabega wazi, macho meupe, mate kidevuni. Dada yake aliyekuwa haendi hata kisimani bila mtandio.

Yasmini alizijua siku zile. Alikuwa mwaka wa pili chuoni wakati mimba ya pili ilipotoka na wakwe waliposema Semeni apungwe pepo. Alipiga simu, alibishana na Mfaume mpaka salio likaisha: mpelekeni hospitali! Hawakumsikia. Semeni hakuwahi kuhadithia yaliyofuata, na hakuna aliyesema kulikuwa na kamera.

Angezima. Hakuzima. Alitazama kwa hasira mpaka mwisho, akamwona fundi wa kupunga, kikongwe mfupi aitwaye Bi Tatu, anamuuliza pepo aliyempanda Semeni jina lake, akamsikia akijibu, akamsikia Bi Tatu akiliita jina lile kwa sauti kubwa. Jina hilo halitaandikwa hapa.

Ukutani, upande wa pili, kitu kikaitika.

*

"Mumewe alikubali," Haidari alisema. Alikuwa ameitwa jioni ile ile, amesimama mlangoni pa duka, kofia mkononi, ujanja wote umemwishia.

"Mumewe ndiye aliyedondokwa na kanga?"

"Yasmini, ni utamaduni wetu ule. Watu wanapenda kuona. Nilitaka kuweka kwenye chaneli yangu, sikuweka hata..."

"Nakuuliza swali dogo. Semeni ulimuomba? Alikuwa na macho ya kukuangalia akakwambia sawa, nirekodi? Mwanamke anaumwa, hajitambui, wewe unasogeza kamera! Angekuwa mama yako ungeisogeza?"

Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Semeni akilia taratibu, na juu ya kilio chake, kama mtu anayembembeleza, mtu mwingine akiimba kwa pua. Haidari akaangalia ukuta. Akamwangalia Yasmini. Rangi ikamtoka.

"Nani yuko na dada yako?"

"Hakuna mtu."

Alimfanya akae pale pale aone. Akazisafisha diski zote tatu kwa amri inayofuta mpaka kwenye mashimo ambayo mtumiaji wa kawaida hayaoni, kisha akazitoa na kuzivunja kwa nyundo juu ya kizingiti, moja baada ya nyingine, ya zamani, ya kampuni inayojulikana na ya jina la ajabu. Lakini harufu ya mikoko haikupungua, na chumbani kule aliyeimba hakunyamaza, na Yasmini akaelewa, nyundo ikiwa bado mkononi, kwamba faili unaweza kulifuta lakini mtu ukishamwita na akaja, huwezi kufuta kwamba ulimwita.

Akampigia simu Mfaume. Hakumsalimia. Alisema, "Mlete Bi Tatu. Kesho. Ukikataa nitakuja mwenyewe."

*

Bi Tatu alifika Alhamisi alasiri kwa bodaboda, amejifunga kanga mbili, tambuu shavuni, mkali kama pilipili. Mfaume alibaki nje kwenye benchi, hakuitwa ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mdogo wake ndiye wewe? Wewe uliyesema kwenye simu kwamba mimi ni tapeli?"

"Nilisema, bibi."

"Bora mtu anayesema." Akatema tambuu, akaketi kando ya kitanda, akaweka kiganja juu ya tumbo la Semeni, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria ya moto. "Mmefanya nini?"

Yasmini akaeleza: diski, faili, kunakili, vipimo. Bi Tatu akasikiliza bila kukatiza, kisha akasema kwa sauti ya chini sana, ile ya mtu asiyetaka kusikika chumba hicho hicho:

"Niliwaambia hakuna simu, hakuna kamera. Walificha. Sikiliza, mjukuu wangu. Huyu akiitwa jina lake lazima mkeka uwe umetandikwa na chano kimekaa. Haitwi bure. Wito ule umo kwenye hiyo video, si ndiyo? Basi kila ulipouhamisha, umemwita. Amekuja. Hakuna mkeka. Amerudi. Umemwita tena."

"Lakini si mlimalizana naye? Si aliahidi?"

"Aliahidi hatampanda Semeni. Na hajampanda." Macho ya kikongwe yakashuka kwenye tumbo. "Huyu wa humu hakuwepo siku ile. Sikumtaja."

Semeni alikuwa macho. Alikuwa ameng'ata pindo la kanga kwa nguvu zote, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni, akitikisa kichwa, hapana, hapana, ili waone kwamba si yeye, si mdomo wake. Kwa sababu sauti ilikuwa imeanza, nyembamba na ya adabu, kutoka chini ya kanga, na pale ilipotoka ngozi ya tumbo iliinuka na kushuka kama pazia mbele ya mtu anayepumua.

"Nani ameniita?"

Bi Tatu akainamisha kichwa. "Si mimi, mwenyewe. Karibu, mwenyewe."

"Sikukuuliza wewe."

Hasira aliyoibeba Yasmini tangu jana, ya kamera, ya Mfaume, ya wote waliouamulia mwili wa dada yake bila kumuuliza, ikampandisha mpaka akasimama.

"Hakuna aliyekuita," alisema. "Mashine imenakili faili. Mashine haina nia."

"Kidole kina nia."

"Sikujua kilichomo!"

"Ukimwita mtu kwa jina usilolijua, haji? Nimekuja. Mara ya kwanza nikasimama uani nikangoja mkeka. Mara ya pili nikangoja. Mara ya tano nikabisha ukutani. Nimeitika kwa adabu, Abee nikampa dada yako aitikie, Naam nikaitikia mwenyewe. Mara kumi na tatu."

"Kumi na mbili. Nimeandika."

"Na jana? Ulipofungua ukatazama mpaka mwisho?"

Yasmini akahesabu upya. Kwenye midahalo aliwahi kushindwa mara mbili tu, na mara zote mbili alilijua kabla ya jaji, kwa baridi fulani chini ya mbavu. Baridi ile sasa ilimjaa mwili mzima, kwa sababu alikuwa amekuja kumtetea dada yake dhidi ya dhalimu, na mbele yake palikuwa na mgeni aliyeitwa mara kumi na tatu na kuachwa uani mara kumi na tatu, anadai haki yake, na hoja yake haikuwa na tundu hata moja.

"Nimechoka kusimama," sauti ikasema. "Humu pana nafasi. Nitamsogeza aliyemo."

Semeni akapiga ukelele kupitia kanga. Tumbo likajikunja upande mmoja, likawa gumu kama jiwe, na upande wa pili likabonyea, kama godoro linavyobonyea mtu mzima anapoanza kukaa.

"Subiri!" Yasmini akapiga magoti. "Aliyekukosea si yeye. Wala huyo mtoto. Aliyekuita ni mimi. Kaa kwangu."

"Nyamaza!" Bi Tatu alimshika mkono. "Hujui unachokisema, mtoto wewe. Hayo hayasemwi hivyo hivyo, yana mpango wake..."

"Kila wito, kikao kimoja," Yasmini akaendelea, haraka, akipanga kama alivyozoea kupanga, sharti juu ya sharti. "Vikao kumi na tatu. Kwangu, si kwa mwingine. Humgusi Semeni, humgusi mtoto wake huyu, wala mtoto yeyote atakayezaliwa na Semeni, hata ambaye hajatajwa leo. Ukimaliza cha kumi na tatu, unaondoka nyumba hii na ukoo huu. Unakubali?"

Nje, lori lilipita kwenye lami kuelekea Bungu, likapungua mlio, likapotea. Tumbo la Semeni likaanza kulegea, polepole, upande uliobonyea ukajaa, na ndani yake mtoto, mtoto peke yake, akapiga teke moja dogo la kitoto.

"Nakubali yote uliyoyataja," sauti ikasema, nayo sasa ilikuwa karibu zaidi, karibu kuliko kitanda.

Semeni akatema kanga. Akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Akajipapasa tumbo, juu, chini, pembeni, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, huku akicheka, akasema ana njaa, jamani, kuna uji? Mfaume alikuwa ameshafungua mlango. Alisimama kizingitini hajui aingie au abaki.

Bi Tatu hakuwaangalia hao wawili. Alikuwa akimwangalia Yasmini, aliyebaki amepiga magoti sakafuni, mgongo umenyooka sana. Kikongwe akatandua kanga yake moja kutoka begani, akaitandika chini taratibu mbele ya msichana, akarekebisha pembe zake, akashuka naye akapiga magoti.

"Karibu, mwenyewe," alisema. "Kikao hiki ni cha muda gani?"

Yasmini alitaka kumwambia, bibi, ni mimi, inuka unaumiza magoti. Alilipanga neno lote vizuri. Akalisukuma mpaka kwenye ulimi, na ulimi ukakataa, ukageuka wenyewe mdomoni kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti kipya.

"Hiki ni cha kwanza," mdomo wake ukasema, kwa adabu. "Muda hakuutaja."